Amplifaya ya Daktari wa Meno

Jumapili, 2 Machi

Leo ni tarehe mbili ya mwezi wa tatu, na nimetimiza miaka arobaini na mmoja tangu niondoke nyumbani. Niliondoka na sanduku moja na redio niliyoizungushia blanketi. Blanketi lilichakaa zamani, redio nimebadilisha mara tatu, na sanduku lipo chini ya kitanda limejaa plagi na vipande vya waya. Kila mwaka tarehe hii huandika mstari mmoja, basi. Mwaka huu nitaandika msimu mzima wa mvua, kwa sababu nina jambo la kufuatilia na kichwa changu hakishiki mambo kama zamani.

Jambo lenyewe ni hili. Mdogo wangu bado yupo nyumbani, kwenye nyumba ya baba, ng'ambo ya mpaka na milima. Sote wawili ni watu wa redio ya ridhaa: tuna leseni, tuna mitambo yetu, na kila Alhamisi saa kumi na moja jioni tunakutana hewani. Siku nyingine hupigiana simu. Lakini juma lililopita upepo uliotangulia mvua uliangusha mnara wa simu wa kule kwao, na barabara ya kupitisha mafundi itakuwa matope mpaka msimu uishe. Kwa hiyo tumebaki na redio tu, kama zamani.

"Kule kwao." Nimeandika hivyo bila kufikiri. Nilisahihisha prufu kwenye kiwanda cha uchapaji mpaka nikastaafu, na jicho langu halipiti neno lililokaa vibaya. Nimelitazama tena, nikaliacha.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua imeanza. Saa kumi na moja nilikuwa mezani, katika chumba kidogo ambacho binti yangu anakiita ofisi ya mikwaruzo.

"Mdogo wangu, nakuita. Unanipata? Ova."

Kwenye spika kulikuwa na ngurumo za radi za mbali, na chini yake mvumo mmoja mzito usiokatika, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Hewa ya mvua, nikajisemea. Kisha sauti yake, nyembamba kama uzi.

"Kaka... kwa mbali sana... wote wazima. Unakuja lini? Ova."

Hilo ndilo swali lake. Zamani aliniuliza mara moja kwa mwaka. Tangu mwaka jana ananiuliza kila Alhamisi. Ananingoja, maskini. Ameniwekea chumba changu cha uani, kimefungwa, na kitanda changu kimo ndani. Ukutani, upande wa nje, lipo bado lile bomba refu la chuma nililolisimika mwenyewe kufungia antena.

"Tuone mvua zikiisha," nikamjibu. "Mwakani, tukijaliwa. Ova."

"Rudia."

"Nasema mwakani!"

"Sikupati, Kaka. Rudia."

Nilirudia kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba kupiga kelele kunaongeza wati. Akapotea.

Binti yangu alikuwa mlangoni na sare yake ya uuguzi, anajiandaa kwenda zamu. "Baba, ungefungua tu dirisha ukamwita. Angesikia upesi zaidi."

Jumatatu, 10 Machi

Nilikwenda kwa Daktari wa Meno. Sikwenda kwa ajili ya meno, maana niliyobakiwa nayo hayanisumbui. Yeye ndiye mtu mwingine pekee wa redio ya ridhaa katika mji huu. Ana fedha, ana antena tatu, na ana mzaha usioisha. Siku zote nimemchukulia kama mtu anayecheza.

Nikamweleza kwamba mdogo wangu hanisikii. Akafunua turubai kwenye kona ya stoo yake. Chini yake kulikuwa na amplifaya, sanduku la chuma la kijivu lenye mita mbili na vifundo vitatu vya kuzungusha.

"Mke wangu ameniambia nichague," akasema. "Kati ya hii na kabati jipya."

"Afadhali hakukuambia uchague kati ya hii na yeye."

"Angethubutu? Jibu analijua." Akacheka peke yake. "Ichukue, Mkuu. Unaipa wati hamsini kutoka kwenye redio yako, inakurudishia mia sita. Mdogo wako atadhani umehamia jirani. Lakini nisikilize. Hii inakuza mdomo. Masikio yako yatabaki yale yale."

Nikaitikia kwa kichwa, jinsi mtu anavyomwitikia daktari wa meno anayemwambia apige mswaki kila baada ya mlo.

Jumatano, 12 Machi

Watu wanne tulihitajika kuipandisha ghorofani. Uzito wote umo kwenye transfoma. Fundi umeme amevuta laini ya peke yake kutoka kwenye swichi kuu, nyaya nene, na ameniwekea ethi, waya wa kuingiza umeme ardhini, upya mpaka chini uani. Alipomaliza akalitazama lile sanduku.

"Hii ya muziki?"

"Ya kuongea."

"Na nani, Mzee, na malaika?"

"Na mdogo wangu."

"Ana masikio mabovu kiasi hicho?"

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi nzima nimeunganisha. Kebo fupi kutoka kwenye redio hadi amplifaya. Kebo nene kutoka kwenye amplifaya hadi antena. Na waya mmoja mwembamba, ambao kazi yake ni kuiambia amplifaya: sasa mwenyewe anaongea, fungua njia.

Saa kumi na nusu niliiwasha. Ndani kuna vali mbili za kioo, kila moja kubwa kama chupa ya dawa ya kikohozi, nazo lazima zipate moto kwanza kabla ya kazi. Feni ikavuma, taa ndogo nyekundu ikageuka kijani. Nilihisi kama kijana mwenye viatu vipya.

"Mdogo wangu, unanipata sasa?"

"...mbali... rudia, Kaka."

Nikaongeza. "Rudia." Nikaongeza tena. "Rudia." Kisha mvumo ule ukammeza.

Baadaye nilipiga magoti nyuma ya meza na tochi. Ule waya mwembamba ulikuwa umelala sakafuni. Sikuuchomeka. Amplifaya bila huo waya haifanyi kitu. Inaipisha sauti ya redio ipite kama ilivyo, huku yenyewe inawaka taa na kupuliza feni.

Nilimpigia simu Daktari. Alicheka mpaka nikaweka simu mezani nikangoja amalize. "Umeiwasha, umeipasha moto, umeivutia laini yake, halafu hukuiambia!"

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Goti linauma.

Alhamisi, 20 Machi

Nimesikika. Nilipobonyeza kitufe mshale wa mita ukaruka, taa ya chumba ikafifia kidogo, na nilipoachia nikasikia kule mbali, kwa sauti ya mtu aliyesimama ghafla:

"Kaka! Umeingia ndani ya nyumba!"

Aliendelea kusema, maneno mengi, lakini sikuyapata. Mvumo ule ule. Nilimwambia habari zangu zote: goti, binti yangu, bei ya vitabu. Nilikuwa katikati ya maelezo ya amplifaya mlango ulipogongwa kwa ngumi.

Alikuwa Mama Cherehani, wa duka la ushonaji chini yetu. Mikononi alishika gauni jeupe kama amebeba maiti.

"Mzee wa Mawaya, wewe ndiye unayesema huko juu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Basi hongera. Umeshona gauni."

Cherehani yake ni ya umeme. Ilikuwa imetulia, mguu wa Mama Cherehani hata haupo kwenye pedali, alikuwa anakunja pindo. Nikabonyeza kitufe changu huku juu, na cherehani ikaondoka yenyewe. Nikaachia, ikasimama. Nikabonyeza tena, ikakimbia. Alinionyesha mkono wa gauni: umeshonwa ukafungwa, kutoka begani mpaka kwenye kifundo, mshono mzuri kweli.

"Bibi harusi atapitisha wapi mkono? Auombe mshono samahani, mkono upite? Na ile spika yangu, ndani kuna sauti kama bata kafungiwa chooni!"

"Huyo ni mimi."

"Najua ni wewe! Bata gani mwingine anakaa juu yangu?"

Akasema atamwendea mwenye nyumba. Mwanamke mgomvi. Nimeishi juu yake tangu alipofungua duka na sijawahi kumsikia akisema jambo kwa sauti ya kawaida.

Jumapili, 23 Machi

Daktari alikuja na pete nyeusi za feriti mfuko mzima. Nyaya za cherehani tulizipitisha ndani ya pete hizo na kuzizungusha mara nyingi, na za spika vilevile. Zinazuia mawimbi yangu yasiingie. Mama Cherehani alisimama mikono kiunoni.

"Mnaivisha mashine yangu bangili?"

"Na mkufu, mama," Daktari akasema. "Itolewe mahari."

Nilipanda juu nikahesabu moja mpaka kumi hewani. Kwa wati mia sita cherehani ilishtuka mara moja. Kwa mia nne ilitulia kabisa. Tumekubaliana mia nne. Mwenye nyumba hajaambiwa bado, lakini Mama Cherehani amesema neno "bado" mara mbili.

Alhamisi, 27 Machi

Mdogo wangu ananipata vizuri. Mimi simpati. Nilizungumza peke yangu kama mtu wa taarifa ya habari, kisha nikaachia kitufe nikainamia spika. Katika maelezo marefu aliyotoa nimeokota neno moja: "chumba". Na mwishoni, lile swali. Nimemwambia mwakani.

Anakitunza. Huenda amekipaka chokaa.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua usiku na mchana. Binti yangu amelala mchana kutwa baada ya zamu. Nimesoma.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo mambo yameharibika. Nilikuwa nimeanza tu kumwita mdogo wangu, mshale wa mita ukarudi nyuma, kukawa na mlio kama fimbo inavunjika, na amplifaya ikazima. Fyuzi. Harufu ya mpira ulioungua ilishuka kutoka kwenye paa.

Daktari alikuja na viatu vya mvua. Tulipanda juu ya paa. Kebo ya antena ina kiungo pale juu, na kiungo hicho nilikizungushia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kama nilivyofundishwa ujanani. Maji yalikuwa yameingia, na bila shaka si kwa mvua za mwaka huu tu. Kwa wati mia, nguvu yote ya redio peke yake, redio ilijipunguza yenyewe, ikavumilia, nami sikujua. Kwa mia nne cheche zilipita kwenye maji na kiungo kikawa mkaa.

"Kosa lilikuwepo siku zote," Daktari akasema. "Ulikuwa huna nguvu ya kulionyesha."

Ndani, alipotaka kufungua mfuniko wa amplifaya, alibadilika. Alichomoa plagi, akakaa kwenye kiti. Nikamuuliza anangoja nini.

"Umeme wake hautoki upesi. Unabaki humo ndani umejificha. Nilikuwa na rafiki." Baada ya muda mrefu alisimama, akatia mkono wa kushoto mfukoni, na kazi yote akaifanya kwa mkono wa kulia peke yake, polepole, jasho likimtoka. "Mkono mmoja mfukoni, Mkuu. Siku zote. Usipitishe umeme kifuani."

Sikuwahi kumwona bila mzaha. Huyu si mtu anayecheza.

Vali moja imekufa. Daktari ameagiza nyingine.

Alhamisi, 10 Aprili

Redio peke yake, bila amplifaya. "Rudia, Kaka. Rudia." Kisha hakuna.

Nataka kuandika jambo ambalo si la waya. Jioni hii, aliposema "rudia", nilifurahi kidogo. Nilikwishatamka "mwakani" na sikuwa na hamu ya kulitamka mara ya pili.

Jumatano, 16 Aprili

Vali imefika. Daktari ameifunga, mkono mmoja mfukoni. Kiungo kipya cha paani kimefungwa kwa utepe unaojibana wenyewe, juu yake plastiki. Mpira wa baiskeli nimeutupa.

Alhamisi, 17 Aprili

Saa kumi radi ilipiga mahali na umeme ukakatika mtaa mzima. Vali mpya, kiungo kipya, na umeme hakuna. Nikachomoa redio ukutani nikaifunga kwenye betri ya gari ninayoiweka chini ya meza, angalau nisikilize. Radi yenyewe ilikuwa imekwisha kupita.

Nilipoiwasha nilidhani imeharibika. Mvumo haukuwepo. Nyuki wote walikuwa wametoka kwenye debe. Kulikuwa na mikwaruzo midogo ya radi za mbali, na kati ya mikwaruzo hiyo kimya safi ambacho sijakisikia katika chumba hiki kwa muda mrefu. Na ndani ya kimya hicho, mdogo wangu. Mnyonge, lakini kila neno.

"Kaka, Kaka, nakuita. Unanipata? Ova."

Nikabonyeza, nikajibu. Kwa nguvu ya redio peke yake, ikila betri, nilijua hatanisikia.

"Kaka, nakuita." Kimya. "Huyu leo hayupo."

Ana maikrofoni ya zamani ya mezani, ambayo kitufe chake hunasa kikibonyezwa sana. Kilinasa. Alidhani amezima, na hakuwa amezima. Nikasikia kiti kikivutwa, mvua juu ya bati, na sauti ya shemeji yangu, mke wake.

"Umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Habari ya chumba."

"Mama, nitamwambiaje? Nimwite mkubwa wangu hewani, nchi mbili zinasikiliza, nimwambie kitanda chako nampa mjukuu?"

"Mjukuu analala sebuleni na mama yake, maji yanawadondokea. Wewe mwenyewe unalala kwenye benchi kama mlinzi. Chumba kikavu kimoja nyumba nzima, nacho tumekifunga, kinamngoja mtu."

"Ndiyo maana namuuliza kila juma anakuja lini. Akisema anakuja, tutangoja. Akisema haji, tutajua la kufanya. Lakini yeye ni mwakani, mwakani."

"Na lile bomba? Si ulisema ukifunga antena yako pale juu atakusikia vizuri? Unahangaika na waya uliofungwa kwenye kamba ya nguo."

"Bomba ni la Kaka. Alilisimika yeye."

"Alilisimika kabla mimi sijaolewa!"

"Bado ni lake."

Mtoto akalia, karibu kabisa na maikrofoni. Mdogo wangu akambembeleza, akamwimbia kitu kisicho na maneno. Halafu nikasikia, "Aa! Kitufe hiki!" na hewa ikafunga.

Nilikaa na maikrofoni yangu mkononi. Nadhani nilikaa mpaka giza likaingia, maana binti yangu alikuja na mshumaa akaniuliza kama naumwa.

Miaka yote hii nilimhurumia kwa kuningoja. Sikuwahi kujiuliza kungoja kunachukua nafasi gani ndani ya nyumba. Kunachukua chumba kimoja, kile kikavu.

Ijumaa, 18 Aprili

Umeme umerudi asubuhi, na nyuki wamerudi nao. Basi si mvua. Mvumo unatoka kwenye kitu kinachokula umeme, na kitu hicho kipo karibu. Niliteremka kwa Mama Cherehani.

"Leo mashine haijatembea," akasema kabla sijafungua mdomo. "Umekuja kuuliza kwa nini?"

"Nimekuja kukuomba uzime taa zako, moja moja."

"Mzee wa Mawaya. Kwanza unanishonea, sasa unanizimia?"

Nikamweleza. Nilimwambia kuhusu mdogo wangu, na mnara, na chumba, na mtoto. Sijui kwa nini nilimwambia yote. Nilikusudia kumwambia kuhusu taa. Alinisikiliza sindano ikiwa mdomoni. Kisha akaitoa.

"Panda juu," akasema. "Ukae dirishani."

Nikakaa redioni, dirisha wazi. Yeye chini anapiga kelele, na kwa mara ya kwanza kelele zake zikawa na faida.

"Nimezima ya mlangoni!"

"Bado!"

"Ya kioo!"

"Bado!"

"Zile nyeupe mpya, nilizofunga mwaka jana!"

Nyuki wakafa.

"Hizo!"

"Zipi?"

"Hizo hizo, mama! Ziache!"

"Niziache zinawaka au niziache zimezima?"

Mpita njia mmoja alisimama kututazama. Akatikisa kichwa akaenda zake.

Kwa hiyo muda wote mimi nilisema hewa ya mvua, kumbe ni taa za Mama Cherehani. Na cherehani yake, mwezi uliopita, msumbufu nilikuwa mimi. Ameahidi kuzima zile nyeupe kila Alhamisi, saa kumi na moja. Nikataka kumshukuru, akaniambia nisimpotezee muda, ana gauni la kufumua.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimemwambia binti yangu. Alikuwa anapasi sare.

"Unataka kumwambia Baba Mdogo kwamba hutakwenda?" akauliza.

"Nataka kumwambia."

Akapasi mkono mmoja wa sare mara mbili. "Mimi nilidhani unangoja niolewe, ndipo uende."

"Na mimi nilidhani unangoja niende, ndipo uolewe."

Akaweka pasi wima. Tulicheka, halafu yeye akawa halii wala hacheki. "Kwa hiyo tulikuwa tunangojana humu ndani, kila mtu na mlango wake."

"Ndivyo inavyoonekana."

"Mtu anayetaka kunioa ni yule fundi umeme, Baba."

"Yule aliyeniuliza kuhusu malaika?"

"Ndiye. Alikuwa anaogopa, ndiyo maana alisema upuuzi."

"Laini alivuta vizuri," nikasema. Na kweli aliivuta vizuri.

Jumatano, 23 Aprili

Hakuna. Nimejaribu amplifaya. Vali mpya iko sawa.

Alhamisi, 24 Aprili

Saa kumi na moja kasoro, nyuki wakanyamaza. Muda mfupi baadaye Mama Cherehani akapanda na kigoda chake mwenyewe, akakaa mlangoni. "Duka liko gizani," akasema, "nikae huko nifanye nini?"

Mvua ilikuwa nyepesi. Vali zilikuwa zimepata moto. Nikageuza vifundo mpaka mshale ukakaa panapotakiwa, mia nne, si zaidi.

"Mdogo wangu, nakuita. Unanipata? Ova."

"Kaka! Nakupata kama uko mezani. Wewe je? Ova."

"Nakupata. Sauti ndogo, lakini kila neno. Tulipata shida ya taa, imekwisha. Nisikilize, usinijibu mpaka nimalize."

Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi, nikaisahihisha mara kadhaa, kama prufu. Sikuitazama.

"Kile chumba cha uani kifungue. Mpe mjukuu na mama yake. Kitanda changu kikifaa wakitumie, kisipofaa kikate kuni. Na wewe utoke kwenye benchi. Lile bomba ni lako, panda ufunge antena yako juu kabisa, uache kamba ya nguo. Mimi siji tena kukaa. Nisingojwe. Ova."

Nikaachia kitufe. Feni ya amplifaya ilikuwa inavuma. Mama Cherehani alikuwa anatazama sakafu.

"Rudia, Kaka," akasema mdogo wangu.

Nilitazama mita. Kila kitu kilikuwa sawa. Waya mwembamba ulikuwa mahali pake. Wati mia nne, hewa nyeupe, jioni njema kuliko zote za msimu huu. Alikuwa amenisikia. Hakuna kosa lolote la mtambo nililoweza kulisingizia, wala upande wake wala upande wangu.

Nikarudia, neno kwa neno.

Kisha sauti yake, ile ile nyembamba, lakini ya mtu aliyekohoa kwanza.

"Nimekupata, Kaka. Nimekupata vizuri." Na tena: "Umejuaje habari ya benchi? Ova."

"Kitufe chako kinanasa. Kitie mafuta. Ova."

Nikamsikia shemeji nyuma yake akicheka, kicheko kikubwa kilichopita mikwaruzo yote, akisema, "Si nilikuambia!" Sijui alimwambia nini.

Mama Cherehani alisimama, akachukua kigoda. Mlangoni akageuka. "Na mimi nyumbani kwetu nina mlango uliofungwa, unaningoja," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, akateremka kuwasha taa zake.

Alhamisi, 1 Mei

Wamehamia chumbani. Kitanda kimefaa. Mafundi wa mnara bado.

Jumapili, 4 Mei

Fundi umeme amekuja kwa miguu yake, shati limepigwa pasi na mtu ninayemjua. Alikaa pembeni ya kiti. Nikamuuliza amekuja kuona laini au amekuja kuonana nami. Akasema yote mawili. Nikamwambia aanze na laini, atapata ujasiri.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua zimekwisha. Paa limekauka, na kiungo cha antena hakijaingiza tone. Mnara wa simu umesimamishwa juzi, mdogo wangu amenipigia, na tumekubaliana Alhamisi ibaki Alhamisi.

Jumanne alipanda kwenye bomba. Mwanawe alishika ngazi, shemeji alishika roho. Leo saa kumi na moja nilikuwa natafuta swichi ya amplifaya nilipomsikia, na nikaiacha swichi. Hajabadilisha redio, hajaongeza wati hata moja, amepandisha waya tu, na ameingia chumbani kwangu kwa sauti yake yote. Nikamjibu kwa redio peke yake. Akanipata. Huo waya wa juu unampa mdomo na masikio kwa pamoja, kama Daktari alivyonieleza kwa namna yake nikamwitikia bila kusikia. Hata taa za Mama Cherehani, alizosahau kuzizima leo, hazikummeza.

Nyuma yake mtoto alikuwa anagonga kitu kwa kopo la bati. Nikauliza ni nini.

"Ukuta wa chumba chako, Kaka," akasema, kisha akajirekebisha. "Ukuta wa chumba chake."

Amplifaya nimeizima. Mama Cherehani ameishonea kifuniko cha kitambaa cheupe, na nikikitazama vizuri naona ni mkono wa gauni, mshono wangu ungalipo, kutoka begani mpaka kwenye kifundo. Itakaa hapo ikingoja msimu mwingine wa mvua.

Hapa ndipo mke wangu alipozikwa, hapa ndipo binti yangu ataolewa, na meza yangu iko dirishani upande wenye hewa. Nyumba ya baba imejaa watu na paa lake linazibwa. Sitarudi.